Dawa na Njia Yake: Historia ya Tibakemia ya Vivimbe vya Ngozi vya Farasi

Miongoni mwa saratani zote zinazompata farasi, zile za ngozi ndizo zinazoonekana mara nyingi zaidi, na tatu zinaongoza: sarkoidi, saratani ya seli bapa na melanoma. Sarkoidi inazishinda nyingine kwa wingi. Huota masikioni, pembeni mwa macho, kifuani, kinenani, na kwenye makovu ya vidonda vya miguu. Haisambai kwenda kwenye ini wala mapafu, lakini huchimba ngozi, hutoa damu na kuvutia inzi, na ikiota pale hatamu au mkanda wa tandiko unaposugua, farasi hapandiki tena. Saratani ya seli bapa hupenda ngozi isiyo na rangi: kope, kona za jicho, uume na uke. Melanoma ni ugonjwa wa farasi wa kijivu, hasa chini ya mkia. Mwaka 2008 watafiti wa Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba rangi ya kijivu na urahisi wa kupata melanoma vina mzizi mmoja: kipande cha DNA kilichojirudia ndani ya jeni iitwayo STX17.

Dawa kuu zinazoua seli za vivimbe hivi zilikuwa zimekwisha kujulikana kufikia mwaka 1970. Kazi iliyochukua miaka arobaini zaidi ilikuwa kuzifikisha ndani ya uvimbe kwa kiasi cha kutosha, kisha kuzizuia zisitoroke kabla ya kumaliza kazi. Maendeleo makubwa ya tiba hii yalipatikana upande huo wa njia, na walioyapata hawakuwa wakitafuta kemikali mpya.

Onderstepoort na jina la ugonjwa, 1936–1977

Jina la sarkoidi lilitolewa Afrika Kusini. Mwaka 1936, C. Jackson, mtaalamu wa patholojia katika taasisi ya utafiti wa mifugo ya Onderstepoort karibu na Pretoria, alichapisha uchunguzi mrefu kuhusu vivimbe vya wanyama wanaofugwa nchini humo. Katika sampuli za farasi, nyumbu na punda alikutana na uvimbe uliomsumbua kuuainisha. Kwa juu ulikuwa na ngozi iliyonenepa kama ya chunjua. Kwa chini ulikuwa na nyuzi za tishu zilizosongamana kama saratani ya nyama, ila haukuhama kwenda viungo vingine. Jackson aliutofautisha na chunjua na saratani ya kawaida, akaupa jina lake.

Chanzo chake kilichelewa kujulikana. Mwaka 1951 nchini Marekani, Carl Olson na R. H. Cook walichukua chunjua za ng'ombe, wakazisaga, wakaingiza majimaji yake katika ngozi ya farasi. Palipoingizwa majimaji hayo paliota vivimbe vinavyofanana na sarkoidi. Uthibitisho wa kimolekuli ulikuja mwaka 1977, pale Olson na wenzake walipokuta DNA ya virusi vya papiloma vya ng'ombe ndani ya sarkoidi zilizojiotea zenyewe. Baadaye virusi hivyo, hasa aina ya 1 na ya 2, vilipatikana pia ndani ya inzi wanaotua kwenye vidonda, na hata pundamilia wa milimani wa Cape walionekana wakiugua.

Ugunduzi huo ulieleza jambo lililokuwa likiwakatisha tamaa madaktari kwa miaka mingi. DNA ya virusi haikai ndani ya uvimbe peke yake. Huonekana pia katika ngozi ya jirani ambayo kwa macho ni nzima kabisa. Daktari anayekata uvimbe na kuishia pale jicho linapomwambia umeishia anaacha mbegu nyuma yake.

Kisu, baridi na chanjo

Kabla ya tibakemia, na kwa muda mrefu baada yake, silaha ya kwanza ilikuwa kisu. Sarkoidi zilizokatwa bila tiba nyingine zilirudi katika takriban nusu ya wanyama, mara nyingi ndani ya miezi michache, na zilizorudi zilikuwa kali kuliko za mwanzo. Walioogopa kisu walitumia dawa za kuunguza: zebaki, aseniki, podofilini. Baadaye ikaja naitrojeni ya kimiminika, inayogandisha uvimbe mpaka ufe. Ilifaa kwa vivimbe vidogo vilivyo juu juu, lakini karibu na jicho au kiungo cha mguu iliweza kuharibu kilichokusudiwa kuokolewa.

Kuanzia miaka ya 1970 ilijaribiwa BCG, ile ile chanjo ya kifua kikuu, ikidungwa ndani ya uvimbe ili kuamsha kinga ya mwili. Kwa sarkoidi za pembeni mwa jicho ilileta matokeo mazuri. Kwa zile za miguuni ilikatisha tamaa, na farasi wachache walipata mshtuko wa mzio. Nyaya za iridiamu-192 zenye mionzi, zilizochomekwa ndani ya uvimbe, zilifanya vizuri zaidi ya vyote hivyo. Tatizo lilikuwa ulinzi: farasi mwenye mionzi mwilini anahitaji banda la peke yake na wahudumu wenye vibali, na vituo vilivyoweza kumudu hayo vilikuwa vya kuhesabika.

Hata hivyo tiba hizi ziliacha funzo ambalo tibakemia ililirithi. BCG na iridiamu zilionyesha kwamba uvimbe wa ngozi ya farasi unaweza kushughulikiwa kutoka ndani yake wenyewe, bila kuupitisha mwili mzima katika tiba.

Bakteria waliorefuka, 1957–1978

Dawa tatu zilizokuja kutawala tiba hii zilizaliwa mbali na mabanda ya farasi. Mwaka 1957 Charles Heidelberger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walitangaza 5-fluorourasili, molekuli inayojifanya kijenzi cha kawaida cha chembe za urithi na kuivuruga seli inapojaribu kugawanyika. Mwaka 1966 Hamao Umezawa wa Tokyo alitangaza bleomisini, iliyotokana na vijidudu vya udongoni vya jamii ya *Streptomyces*. Hukata nyuzi za DNA kwa ukali mkubwa, ila hupenya utando wa seli kwa shida sana. Kasoro hiyo ilikuja kuwa na maana kubwa baadaye.

Ya tatu, sisplatini, ilipatikana kwa bahati. Barnett Rosenberg wa Michigan alitaka kujua kama umeme unaathiri mgawanyiko wa seli. Alipitisha umeme katika chombo chenye bakteria, akitumia vipande vya platini kwa kuwa platini ilidhaniwa haichangamani na kitu. Bakteria waliacha kugawanyika lakini wakaendelea kurefuka, mpaka wakawa nyuzi ndefu mara mia kadhaa ya urefu wao wa kawaida. Mwaka 1965 ilibainika kwamba umeme haukuhusika: platini ilikuwa imeyeyuka kidogo kidogo na kuunda chumvi ambayo Mwitaliano Michele Peyrone alikwisha kuitengeneza katika miaka ya 1840 bila mtu kujua kazi yake. Mwaka 1969 kikundi cha Rosenberg kilionyesha kwamba chumvi hiyo inaangamiza vivimbe vya panya, na mwisho wa 1978 ikaidhinishwa nchini Marekani kwa wagonjwa wa saratani.

Sisplatini hujishikiza kwenye DNA na kuzifunga nyuzi zake pamoja, ili seli isiweze kuzinakili. Haichagui kati ya seli mbaya na njema. Inachagua zile zinazogawanyika. Kwa binadamu, hasara yake kubwa ilikuwa kwenye figo, na hospitali zililazimika kuwaongezea wagonjwa maji mengi kupitia mshipa kabla na baada ya kila dozi.

Kwa nini mshipa haukufaa

Farasi mkubwa ana uzito wa kilo 500 hivi. Kumpa sisplatini kwa mshipa kungehitaji dozi kubwa ya dawa ghali, makumi ya lita za maji ya chumvi, na uangalizi wa figo kwa siku kadhaa. Kisha dawa ingetoka kwa mkojo, kwenye majani ya banda, na mhudumu wa asubuhi angeizoa kwa koleo. Yote hayo kwa uvimbe ambao kwa kawaida hausambai na ambao kidole kinaweza kuugusa.

Busara ilielekeza kuudunga uvimbe moja kwa moja, na majaribio ya mwanzo yalionyesha mara moja mahali palipo na kikwazo. Sisplatini iliyo katika maji haikai. Uvimbe una mishipa mingi ya damu, na dawa inayoyeyuka majini huchukuliwa na damu kabla haijakaa vya kutosha kando ya seli. Aidha, sarkoidi ni ngumu. Nyuzi zake zimesongamana kiasi kwamba kimiminika kinachosukumwa kwa nguvu hurudi kupitia tundu la sindano na kumwagika juu ya ngozi, glovu au uso wa daktari.

Tatizo lingine lilikuwa la hesabu. Sisplatini ya chupa za hospitali huwa na miligramu 1 katika kila mililita. Kipimo kilichokuja kukubalika kwa farasi ni miligramu 1 kwa kila sentimita ya ujazo ya uvimbe. Maana yake, uvimbe wenye ujazo wa mililita kumi ungetakiwa kumeza mililita kumi za dawa, yaani kiasi sawa na ukubwa wake wenyewe. Hakuna tishu inayoweza kupokea hivyo.

Jambo moja zaidi lilipaswa kutatuliwa kabla ya yote: kumfanya farasi asimame. Mpaka hapo, tiba ndefu yenye maumivu ilimaanisha kumlaza mnyama kwa nusukaputi, na farasi hulala vibaya. Uchunguzi mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba, ukiwaondoa wagonjwa wa msokoto wa tumbo, karibu farasi mmoja kati ya 100 hufa kwa sababu zinazohusiana na nusukaputi. Ziliposambaa dawa za kutuliza za jamii ya xylazine, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1962, na detomidine ya Finland katika miaka ya 1980, farasi aliweza kusimama kichwa kimeinama, miguu imepanuka, huku ngozi ikitiwa ganzi. Kurudia tiba mara kadhaa kukawa jambo linalowezekana. Bila dawa hizi sehemu kubwa ya yanayofuata isingefanyika.

Mafuta ya ufuta huko Davis, 1990–2007

Hatua kubwa ilipigwa katika Chuo Kikuu cha California, Davis. Alain Théon na wenzake waliamua kuifungia dawa ndani ya mafuta. Walichukua sisplatini ya unga, wakaiyeyusha katika maji kidogo sana, kisha wakayavuruga maji hayo pamoja na mafuta ya ufuta yaliyosafishwa kwa matumizi ya tiba. Kilichopatikana kilikuwa mchanganyiko mzito wenye matone madogo ya dawa yaliyozungukwa na mafuta. Mwili hauyaondoi mafuta kwa haraka, na matone huachia dawa polepole ndani ya tishu. Wazo la jumla halikuwa geni kabisa: katika miaka ya 1980, nchini Japani, dawa za saratani zilikwisha kuchanganywa na mafuta ili zikae ndani ya vivimbe vya ini la binadamu.

Namna ya kuutengeneza mchanganyiko huo inaonyesha jinsi tiba hii ilivyo kazi ya mikono. Miligramu 10 za sisplatini huyeyushwa katika mililita 1 ya maji, na mafuta mililita 2 huwekwa katika bomba jingine la sindano. Mabomba hayo mawili huunganishwa kwa kiungio chenye vali, na daktari husukuma huku na huku, tena na tena, mpaka vimiminika viwili vinakuwa kitu kimoja kizito chenye weupe. Hapo mkusanyiko wa dawa ni miligramu 3.3 kwa mililita, zaidi ya mara tatu ya chupa ya hospitali. Mchanganyiko ukiachwa mezani hujitenga, kwa hiyo hudungwa mara tu unapokuwa tayari.

Upimaji nao ulipata utaratibu. Urefu, upana na kimo cha uvimbe hupimwa, huzidishwa pamoja, kisha jibu huzidishwa kwa pai na kugawanywa kwa sita. Uvimbe wa sentimita 3 kwa 2 kwa 2 una ujazo wa sentimita za ujazo 6.3 hivi, na kwa hiyo unahitaji miligramu 6.3 za sisplatini, ambazo zimo ndani ya mililita 2 pungufu kidogo za mchanganyiko. Kwa hesabu halisi huongezwa ukingo wa sentimita moja au mbili wa ngozi inayoonekana nzima, kwa sababu ya virusi vilivyojificha humo. Sindano huchomwa kwa mistari sambamba, umbali wa milimita 6 hadi 8 kutoka mstari mmoja hadi mwingine, na dawa huachiwa sindano inapovutwa kutoka. Lengo ni kwamba pasibaki kipande cha uvimbe kilicho mbali na tone la dawa. Mabomba ya kufunga kwa kuzungusha yalichukua nafasi ya yale ya kuchomeka tu, baada ya kuonekana kwamba shinikizo linaweza kuing'oa sindano na kurusha dawa hewani.

Ripoti ya kwanza, ya mwaka 1993, ilihusu farasi 30. Iliyofuata mwaka 1994 ilihusu kudunga dawa wakati wa upasuaji au karibu na wakati huo, na ilibadilisha mawazo kuhusu mpangilio wa kisu na dawa. Mpaka hapo ilidhaniwa ni salama kusubiri kidonda kipone kwanza. Lakini seli zinazosalia baada ya uvimbe kukatwa huanza kugawanyika kwa kasi, na kusubiri ni kuzipa muda. Vidonda vilivyodungwa mapema vilichelewa kidogo kupona bila madhara makubwa. Mwaka 1997 kikundi hicho hicho kililinganisha sisplatini na bleomisini kwa saratani ya seli bapa ya pembeni mwa macho. Zote mbili zilifanya kazi, ila sisplatini ilionekana kuwa mbele kidogo.

Kilele kilifikiwa mwaka 2007, Théon na wenzake walipochapisha matokeo ya wanyama 573 waliotibiwa kati ya 1993 na 2004: farasi 549, pamoja na nyumbu, punda na poni wachache. Tiba ilikuwa ya dozi nne, kila baada ya wiki mbili. Baada ya miaka minne, uvimbe ulikuwa haujarudi katika asilimia 96 ya sarkoidi, asilimia 88 ya saratani za seli bapa na asilimia 81 ya melanoma. Madhara yalikuwa hasa ya mahali pa sindano: kuvimba, na vidonda vilivyozidi baada ya dozi ya tatu na ya nne. Figo zilisalimika. Walioshindwa kupona walikuwa hasa wenye vivimbe vikubwa, au vilivyokwisha kuchokozwa na tiba nyingine zilizoshindwa.

Liverpool: kupaka badala ya kudunga

Uingereza ilifuata njia nyingine. Derek Knottenbelt wa Chuo Kikuu cha Liverpool alijihusisha na malhamu, na ile iliyojulikana zaidi, AW4-LUDES, ilichanganya 5-fluorourasili na chumvi za metali nzito. Ilitolewa kwa madaktari wa mifugo peke yao, na kwa haki. Hupakwa kwa siku zilizopangwa, huunguza uvimbe mpaka uwe gamba jeusi, na gamba hilo huanguka baada ya wiki kadhaa. Farasi wengi humkataa daktari kufikia mpako wa tatu, kwa kuwa wanajua kinachokuja. Knottenbelt pia alishiriki katika uainishaji wa sarkoidi kwa aina: iliyojificha, ya chunjua, ya vinundu, ya nyama mbichi, ya mchanganyiko na ile kali. Uainishaji huo uliwasaidia madaktari kuacha kutibu kila sarkoidi kwa dawa moja. Malhamu hufika milimita chache tu chini ya ngozi. Kinundu kilichozama hakiguswi nayo.

Marekani, 5-fluorourasili ya kupaka ilipata nafasi yake mahali pengine. Ripoti ya mwaka 1994 ilieleza farasi 11 wenye saratani ya seli bapa kwenye sehemu za siri, ambako ngozi ni nyembamba na dawa hupenya kwa urahisi. Kwa jicho, ambalo halivumilii malhamu za kuunguza, matone ya mitomisini C yalianza kutumika, na matokeo yake kwa farasi yaliripotiwa mwaka 2010. Mwaka 2006 ilichapishwa Australia ripoti kuhusu kudunga 5-fluorourasili ndani ya sarkoidi za farasi 13, na 8 kati yao walipona kabisa kwa miaka mitatu. Bei ndogo ya dawa hiyo iliifanya ivutie, ingawa idadi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya Davis.

Shanga za jasi, 2000–2006

Ratiba ya dozi nne ilikuwa na gharama zake: safari nne, kutuliza farasi mara nne, na mara nne za daktari kushika sumu. Huko Leesburg, Virginia, Christina Hewes na Kenneth Sullins walijaribu kuzifanya zote kuwa moja. Walitumia shanga zenye kipenyo cha milimita 3 hivi, zilizotengenezwa kwa salfati ya kalsiamu, dutu ile ile ya jasi, zikiwa na sisplatini ndani yake. Daktari hukata tundu dogo kwenye ngozi, huingiza shanga kwa koleo nyembamba, hufunga kwa mshono au gundi, kisha huhama sentimita moja na nusu na kurudia. Shanga huyeyuka mwilini na kuachia dawa kwa wiki kadhaa.

Ripoti yao ya mwaka 2006, kuhusu wanyama 59, ilionyesha kwamba njia hii inafanya kazi vizuri kwa sarkoidi, hasa uvimbe ulipopunguzwa kwa kisu kwanza. Faida kubwa ilikuwa kwa anayetibu: dawa iliyo kavu ndani ya shanga haimwagiki wala hairuki. Lakini shanga haifuati umbo la uvimbe kama kimiminika kinavyofanya, na pale ngozi ilipokuwa nyembamba, nyingine zilisukumwa nje zikaanguka. Aidha, upatikanaji wake ulitegemea watengenezaji wachache mno.

Umeme unarudi, 1988–2012

Mafuta na shanga zilitatua tatizo la dawa kutoroka. Lilibaki la dawa kukaa kando ya seli bila kuingia ndani yake. Mwaka 1988, katika Taasisi ya Gustave Roussy huko Villejuif, Ufaransa, Lluis Mir na wenzake walionyesha kwamba mapigo mafupi ya umeme hufungua matundu ya muda katika utando wa seli, na kwamba bleomisini iliyopo karibu wakati huo hupata ukali mara mamia kwa kuwa sasa inaingia. Sisplatini nayo hufaidika, ingawa si kwa kiasi hicho. Binadamu wa kwanza walitibiwa hivyo mwaka 1991. Ni ajabu kwamba umeme ambao Rosenberg aliuondolea hatia mwaka 1965 ulirudi kuwa mshirika wa platini yake.

Farasi waliingia katika historia hii kupitia Toulouse, ambako shule ya taifa ya tiba ya wanyama ilikuwa jirani na wanafizikia wa seli Marie-Pierre Rols na Justin Teissié. Wakiwa pamoja na Youssef Tamzali wa shule hiyo walichapisha mwaka 2002 ripoti ya kwanza kuhusu farasi. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi kwa upande wa dawa: sisplatini ya maji, bila mafuta, hudungwa ndani ya uvimbe, kisha vibao vya chuma hubana uvimbe pande mbili na mapigo manane ya umeme hupita, kila moja likidumu sehemu ya kumi tu ya milisekunde. Matundu ya utando hufunga baada ya dakika chache, dawa ikiwa ndani. Umeme huo pia hubana mishipa midogo ya damu kwa muda, hivyo dawa haichukuliwi haraka. Kazi ambayo mafuta ya ufuta yalifanya kwa siku nyingi, mapigo yalifanya kwa dakika.

Mwaka 2012 Tamzali alitoa matokeo ya wanyama 48 wenye sarkoidi 194. Kwa miaka minne, asilimia 97.9 ya wanyama hawakuona ugonjwa ukirudi. Ni vigumu kutaja namba nzuri kuliko hizo katika fani nzima. Hata hivyo kila pigo huikaza misuli kwa ghafla, na farasi wa nusu tani anayeruka akiwa amesimama ni hatari kwa kila aliye karibu. Kwa hiyo nusukaputi ilirudi, pamoja na hatari yake, na mara nyingi kwa awamu zaidi ya moja. Tiba iliyofanikiwa kuliko zote ikarudisha mzigo ambao detomidine ilikuwa imeuondoa.

Baada ya 2012

Kutoka hapo maendeleo yamekuwa ya kurekebisha zaidi kuliko ya kuvumbua. Kliniki zenye vifaa hukata uvimbe kwa kisu au leza, kisha humalizia kwa sisplatini au kwa umeme siku ile ile, kwa kufuata funzo la 1994. Mti wa msitu wa mvua wa Queensland, *Fontainea picrosperma*, ulitoa tigilanol tiglate, dutu inayodungwa mara moja na kuua uvimbe kwa kuharibu mishipa yake ya damu. Iliidhinishwa mwaka 2020 kwa uvimbe wa mbwa, na mwaka huo huo yalichapishwa majaribio ya kwanza kwa farasi.

Ubora wa ushahidi umeanza kuhojiwa kwa ukali zaidi. Ripoti nyingi hutazama nyuma kwenye majalada ya kliniki, bila kundi la kulinganisha. Jambo hilo lina uzito kwa sababu sarkoidi nyingine hutoweka zenyewe: Uswisi, farasi 61 wa aina ya Franches-Montagnes waliofuatiliwa kwa miaka mitano hadi saba walionyesha kwamba sehemu kubwa ya sarkoidi zisizo kali za farasi wachanga hufifia bila tiba. Daktari anayezitibu zote hizo hujipatia sifa ambazo baadhi yake si zake.

Upande wa vifaa, tiba ya farasi bado inaishi kwa kukopa. Sisplatini inayotumika ni ile ya binadamu, na unga wake unaohitajika kwa mchanganyiko wa mafuta mara nyingi hupatikana tu kwa maduka ya dawa yanayotengeneza kwa oda. Mwaka 2023, baada ya kiwanda kimoja kikubwa nchini India kusimamisha uzalishaji, Marekani ilikumbwa na uhaba wa sisplatini hata kwa wagonjwa wa hospitali. Katika Umoja wa Ulaya, ambako farasi huhesabiwa kuwa mnyama wa nyama mpaka itamkwe vinginevyo, anayetibiwa kwa sisplatini lazima kwanza aandikwe katika pasipoti yake kwamba hatachinjwa kwa chakula cha binadamu.